Shajara ya mradi: daftari la maziwa kuhamia kwenye simu

Mradi ni wa chama cha ushirika cha wafugaji: vituo sita vya kupokelea maziwa, wafugaji wapatao 600, karani mmoja kila kituo mwenye simu ya Android. Hadi sasa lita zimekuwa zikiandikwa kwenye daftari la mistari, na mwisho wa mwezi mhasibu anajumlisha kwa kikokotoo. Kinachotakiwa: karani aandike lita kwenye simu, mfugaji apate SMS, malipo yajumlishwe na seva. Seva imeandikwa kwa lugha ya programu ya Python na hifadhidata yake ni PostgreSQL, simuni hifadhidata ni SQLite. Shajara hii inakaa ndani ya hazina ya Git, inayotunza historia ya mabadiliko, pamoja na msimbo, ili atakayeipokea kazi ajue kila uamuzi ulitokana na nini.

Wiki ya 1. Orodha ya wanachama

Orodha imekuja kwa Excel, na karibu kazi yote ya wiki imekuwa safu ya namba za simu. Excel ikiona 0700 000 000 bila nafasi katikati huihesabu kuwa namba ya kawaida na kuitupa sifuri ya mbele. Ikiona 255700000000, yenye tarakimu kumi na mbili, huionyesha kama 2.557E+11. Faili likihifadhiwa kama CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) katika hali hiyo, tarakimu za mwisho za namba halisi zimekwenda na hakuna msimbo wa kuzirudisha. Ndiyo maana faili la kwanza tumelikataa, tukaomba safu ile igeuzwe kuwa maandishi kwanza, kisha namba zilizoharibika ziandikwe upya kutoka kwenye daftari.

Baada ya hapo kuna mlango mmoja tu wa namba za simu: kitendaji, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, kiitwacho `safisha_namba`. Kinaondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha. Kikibaki na tarakimu kumi zinazoanza na 0, kinatoa sifuri na kuweka 255. Kikibaki na tisa zinazoanza na 6 au 7, kinaongeza 255 mbele. Kikibaki na kumi na mbili zinazoanza na 255, kinaziacha zilivyo. Zaidi ya hapo kinakataa na kuitupa safu hiyo kwenye orodha ya katibu. Hakibahatishi. Namba iliyobahatishwa ikawa ya mtu mwingine inampelekea jirani habari za maziwa na pesa za mwenzake, na hilo ni kosa la faragha kabla hata halijawa kosa la programu.

Namba ya simu haitakuwa kitambulisho cha mfugaji. Kwenye orodha mume na mke wana namba za uanachama mbili na simu moja, na wapo wazee wanaotumia simu za wajukuu wao. Kitambulisho ni namba ya mwanachama, nayo inahifadhiwa kama maandishi, kwa sababu 0412 na 412 kwenye daftari si kitu kimoja.

Majina nayo yana lake. Yale yanayoanza na Ng' yameingia kwa aina tatu za ritifaa, ile alama inayofuata Ng: iliyonyooka ya kibodi ya kompyuta, iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, na ile ambayo baadhi ya kibodi za simu hutoa. Kwa jicho ni jina moja, kwa hifadhidata ni watu watatu. Zote zinageuzwa kuwa iliyonyooka, U+0027 kwa namba za herufi za Unicode, mlangoni. Hili litarudi kwenye SMS.

Wiki ya 2. Lita na shilingi

Lita haziwekwi kama namba za desimali za kompyuta. Kwa namna hizo 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004, na ukijumlisha safu sitini za mwezi mzima masalio yanaanza kuonekana. Tunahifadhi mililita kama namba nzima: lita 7.3 ni 7300. Bei ni shilingi nzima kwa lita. Kuzidisha na kugawanya kunafanyika kwa `Decimal`, aina ya namba ya Python inayohesabu desimali kama tunavyohesabu kwa mkono, na kufupisha kunafanyika mara moja tu, mwishoni.

Hapo ndipo ilipotokea tofauti ya shilingi moja kati ya ripoti mbili. Lita 4.35 kwa bei ya 1,150 ni shilingi 5,002.50. PostgreSQL, kwa aina ya `numeric`, ikifupisha inatoa 5,003. `round` ya Python inatoa 5,002, kwa sababu nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Zote mbili zinafuata kanuni yake, wala hakuna iliyoharibika. Lakini mhasibu akiona stakabadhi inasema moja na ripoti inasema nyingine, hataiamini hata moja, na ana haki. Uamuzi: Python peke yake ndiyo inayofupisha, kwa `ROUND_HALF_UP` (nusu kamili hupanda juu), na kiasi kilichofupishwa kinahifadhiwa. Ripoti zinasoma kilichohifadhiwa, hazikokotoi upya.

Bei inanakiliwa ndani ya kila safu ya maziwa siku yanapopokelewa. Rasimu ya kwanza ilikuwa inasoma bei kutoka jedwali la bei wakati wa kulipa. Maana yake bei ikipanda tarehe 20, maziwa ya tarehe 3 nayo yanapanda.

Wiki ya 3. Saa

Skrini ya kwanza ya karani ilikuwa na kisanduku cha saa. Jaribio la siku moja limetosha kukiondoa. Maziwa ya asubuhi yanapokelewa saa kumi na mbili na nusu, na karani anaandika 12:30, kama anavyosema mdomoni. Kompyuta inasoma saa sita na nusu mchana. Kumfundisha karani ageuze saa kichwani huku foleni ya ndoo ikimngoja ni kumpa kazi ya kompyuta. Sasa kuna vitufe viwili, Asubuhi na Jioni, na saa yenyewe inachukuliwa kwenye simu.

Inapobidi kumwonyesha mtu saa, inaonyeshwa kwa Kiswahili: saa ya kompyuta ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa sifuri andika 12. Saa 7 inakuwa 1, saa 18 inakuwa 12, saa 20 inakuwa 2. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku ni lazima liwepo, maana bila hilo saa 2 ziko mbili kwa siku.

Saa ya simu pia haiaminiki peke yake. Simu iliyoishiwa chaji kabisa inaweza kuwaka na tarehe ya zamani. Kila safu inabeba saa mbili, ya simu na ya seva ilipoipokea, na zikitofautiana kwa zaidi ya siku mbili safu inawekewa alama ili katibu aiangalie. Kiwango ni siku mbili na si saa mbili kwa sababu kituo kimoja kiko bondeni na mtandao wake huweza kupotea siku nzima.

Pia tumeongeza safu ya `siku_ya_maziwa` ya aina ya tarehe tupu, isiyo na saa. Maziwa ni ya siku fulani na zamu fulani, na hilo ndilo linalolipwa. Saa kamili inabaki kwa uchunguzi tu.

Wiki ya 4 na ya 5. Maziwa yaliyoingia mara mbili

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda mwingi kuliko zote, na ilistahili.

Simu inaandika kwanza kwenye SQLite, kisha inatuma mtandao ukipatikana. Kosa linatokea hivi: simu inatuma, seva inapokea na kuhifadhi, seva inajibu, jibu linapotea njiani. Simu haina namna ya kujua kama kilichopotea ni ombi au ni jibu. Ikikaa kimya, maziwa yanaweza kupotea. Ikituma tena, yanaweza kuingia mara mbili. Kwa hiyo simu lazima itume tena, na kazi ya kutambua marudio ni ya seva.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuzuia kwa mwanachama, siku na zamu: mtu mmoja, asubuhi moja, safu moja. Linavutia kwa urahisi wake, lakini mfugaji mwenye ng'ombe wanne analeta ndoo ya kwanza kisha anamtuma mtoto na ya pili. Ndoo ya pili ingekataliwa. Tena ingekataliwa kimyakimya, simu ikidhani ni marudio yaliyokwisha kupokelewa.

Suluhisho lililobaki: simu yenyewe inazaa UUID, utambulisho mrefu usiojirudia, mara karani anapobonyeza Hifadhi, kabla ya kugusa mtandao, na UUID hiyo haibadiliki hata ikitumwa mara ishirini. Kwenye PostgreSQL safu wima ya UUID ina `UNIQUE`, yaani haikubali thamani ile ile mara mbili, na uingizaji unatumia `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`: UUID ikiwa imo tayari, hakuna kinachoongezwa. Seva inajibu "imepokelewa" katika hali zote mbili, ikiwa mpya au ikiwa ya marudio. Rasimu ya mwanzo ilijibu kosa kwa marudio. Simu ikaona kosa, ikaendelea kutuma kila baada ya dakika, ikamaliza chaji na bando la karani.

Kitufe cha Hifadhi nacho kilihitaji kuzimwa mara tu kinapobonyezwa. Kidole chenye maziwa hubonyeza mara mbili, na kila mbonyezo ulikuwa unazaa UUID yake. Seva haiwezi kulijua hilo: kwake hizo ni ndoo mbili halali.

Namna ya kujaribu haya, kwa atakayebadilisha sehemu hii: weka seva ya majaribio inayohifadhi safu kisha inakata muunganisho kabla ya kujibu. Rekodi ndoo kumi. Rudisha seva ya kawaida. Hesabu safu: ziwe kumi, si tisa wala kumi na moja. Kisha rudia huku ukiiweka simu katika hali ya ndege katikati ya kutuma, halafu rudia ukiizima simu kabisa. Jaribio la kwanza linajiendesha lenyewe kila msimbo unapounganishwa. Mawili ya mwisho yanafanywa kwa mkono kabla ya kila toleo la simu.

Wiki ya 6. SMS

Ujumbe wa mfano ni huu:

Mfugaji 0412: lita 7.3 zimepokelewa leo asubuhi. Jumla ya mwezi lita 151.6. Chanjo ya ng'ombe ni Ijumaa saa 2 asubuhi.

Ni herufi 118. SMS moja hubeba herufi 160 za seti ya GSM, orodha fupi ya herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo ungetosha kwa SMS moja. Lakini katibu aliandika kiolezo kwenye Word, akakibandika, na ritifaa ya ng'ombe ikaja iliyopinda, U+2019. Hiyo haimo kwenye seti ya GSM. Herufi moja ya namna hiyo inatosha kuugeuza ujumbe mzima kuwa UCS-2, mfumo ambao kila herufi huchukua nafasi kubwa zaidi, ambako SMS moja hubeba herufi 70 tu, na ikigawanyika kila kipande hubeba 67. Herufi 118 zinakuwa vipande viwili, na malipo mara mbili. Kwa wafugaji 600 wanaopata ujumbe mmoja kwa siku, siku 30 ni SMS 18,000. Kwa sababu ya ritifaa moja zinakuwa 36,000.

Mlango ule ule wa wiki ya kwanza sasa unapitiwa na violezo pia: ritifaa zote zilizopinda zinanyooshwa, nukuu zilizopinda vivyo hivyo, kistari kirefu kinakuwa kifupi. Mabano ya mraba na alama ya yuro yamo kwenye seti ya GSM lakini kila moja huhesabiwa nafasi mbili, tumeyaacha kabisa. Chini ya kisanduku cha kiolezo kuna hesabu: herufi ngapi, vipande vingapi. Katibu akiona "vipande 2" anapunguza mwenyewe bila kuulizwa.

Hesabu hiyo inafanywa baada ya kujaza majina na lita, si kabla. Kiolezo chenye herufi 150 kikijazwa jina refu kinavuka 160 kwa baadhi ya watu tu, na mtu huligundua kwenye ankara.

Wiki ya 7. Mapitio na mawasiliano

Kila badiliko linapitiwa na mtu mwingine kabla ya kuunganishwa kwenye tawi kuu, yaani nakala ya msimbo inayotumika. Badiliko lenye mistari 900 lililoletwa wiki hii lilipata "iko sawa" baada ya dakika nne, hakuna aliyelisoma. Lilirudishwa, likakatwa vipande vitano vya chini ya mistari 200, na katika kipande cha tatu likaonekana kosa la bei lililoelezwa wiki ya 2, limerudi kwa mlango mwingine. Kubadilisha majina na kupanga upya mafaili kunaletwa peke yake, bila kuchanganywa na mantiki mpya. Vikichanganyika, kosa linajificha ndani ya mistari mia ya kijani na nyekundu isiyo na maana.

Jambo lingine la mapitio ni la heshima. Kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita anaona kosa kwenye msimbo wa mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, na anaona haya kuandika "umekosea". Kumwambia asiogope hakusaidii. Kinachosaidia ni kumpa namna ya kusema. Maoni yanaandikwa kama swali kuhusu tukio halisi: "Kaka, mfugaji akileta ndoo mbili asubuhi moja, hapa si atakataliwa?" Swali hilo ndilo lililoangusha pendekezo la kwanza la wiki ya 4, na liliulizwa na mdogo kuliko wote kwenye timu. Aliyeulizwa anajibu kwa jaribio lililoandikwa. Kuhakikishia kwa maneno hakuhesabiki.

Maamuzi yalikuwa yanafanyika kwenye kundi la WhatsApp. Hayapatikani tena baada ya wiki mbili: yamezama chini ya salamu, picha za harusi na michango. Kundi linabaki kwa dharura na habari za watu. Uamuzi wowote unaogusa msimbo unaandikwa kwenye faili `maamuzi.md`: tarehe, kilichoamuliwa, kilichokataliwa na kwa nini. Mistari mitano inatosha.

Wiki ya 8. Seva ilisimama dakika tatu

Badiliko lilikuwa dogo: kuongeza safu wima ya `kizio` (lita au kilo) kwenye jedwali la maziwa. Tangu PostgreSQL 11, kuongeza safu yenye thamani ya msingi isiyobadilika hakuandiki jedwali upya, hivyo ilitarajiwa kumalizika papo hapo. Yenyewe ingemalizika. Lakini wakati huo ripoti ndefu ya mhasibu ilikuwa inasoma jedwali lile lile. `ALTER TABLE`, amri ya kubadilisha jedwali, inahitaji kufuli la peke yake, linalozuia wengine wote kulitumia jedwali, ikasubiri ripoti imalize. Ombi lolote lililokuja baada yake, hata la kusoma tu, likapanga foleni nyuma yake. Kwa nje ilionekana kana kwamba seva imekufa, ilhali prosesa ilikuwa imepumzika.

Kuanzia sasa kila badiliko la jedwali linaanza na `SET lock_timeout = '3s'`. Likishindwa kupata kufuli ndani ya sekunde tatu linajiondoa lenyewe na foleni inaendelea. Tunajaribu tena baadaye. Indeksi, zinazoharakisha utafutaji kwenye jedwali, zinajengwa kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ambayo haizuii uandishi lakini haikubali kuendeshwa ndani ya muamala (kundi la amri zinazofaulu au kufeli pamoja), kwa hiyo inakaa kwenye faili lake. Ikikatika katikati huacha indeksi batili. Ifutwe kabla ya kurudia.

Saa za kupandisha toleo ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, Jumatatu hadi Alhamisi. Asubuhi na jioni ni za maziwa. Ijumaa hapana, kwa sababu kosa la Ijumaa mchana huonekana Jumamosi alfajiri wakati karani yuko peke yake na foleni.

Safu wima za zamani hazifutwi siku ile ile. Makarani hawasasishi programu kwa wakati mmoja. Mwenye bando dogo hungoja wiki. Seva inakubali muundo wa zamani na mpya kwa pamoja, inajaza data ya nyuma safu 1,000 kwa mkupuo, na safu wima ya zamani inaondolewa pale tu takwimu za seva zinapoonyesha hakuna simu inayotuma muundo ule.

Wiki ya 9. Jaribio la kufunga mwezi

Limefeli mara mbili, kwa sababu mbili tofauti.

Kwanza, kazi ilipangwa kuanza dakika tano baada ya saa sita usiku, tarehe 1 Juni. Seva inatumia UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu mwaka mzima. Kwa seva ilikuwa bado tarehe 31 Mei, saa 21:05. Msimbo ukauliza "mwezi uliopita ni upi?" ukajibiwa Aprili, ukafunga Aprili upya. Ingekuwa pesa za kweli, wafugaji wote wangelipwa Aprili mara mbili. Marekebisho: mwezi unatajwa wazi na mhasibu anapobonyeza, hakuna kukisia kwa saa ya mashine, jedwali la miezi iliyofungwa lina `UNIQUE` kwa mwezi, na panapohitajika tarehe ya leo inaombwa kwa ukanda wa `Africa/Dar_es_Salaam`.

Pili, jumla ya Mei ilipungukiwa na siku moja kamili. Swali la ripoti kwa hifadhidata lilikuwa la `BETWEEN` (kati ya) tarehe 1 na tarehe 31, kwenye safu yenye saa. Tarehe 31 isiyo na saa husomwa kuwa saa sita usiku mwanzo wa siku hiyo, kwa hiyo zamu zote mbili za tarehe 31 zikabaki nje. Ripoti sasa inatumia `siku_ya_maziwa`. Popote panapobaki safu ya saa, mpaka unaandikwa kuanzia tarehe 1 hadi kabla ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata.

Makosa yote mawili yana majaribio sasa, na saa ya majaribio imegandishwa kwenye 21:05 UTC ya siku ya mwisho ya mwezi.

Wiki ya 10. Yaliyobaki

Nakala rudufu inachukuliwa kila usiku kwa `pg_dump`, programu ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata, na kupelekwa kwenye mashine nyingine. Leo imerejeshwa kwa mara ya kwanza kwenye hifadhidata tupu, ikahesabiwa safu kwa safu dhidi ya seva. Jumla za lita zimelingana. Watumiaji wa hifadhidata hawakuwemo, maana `pg_dump` huchukua hifadhidata moja bila wao. Imeongezwa `pg_dumpall --roles-only`, inayowanakili watumiaji hao. Urejeshaji umechukua dakika 11, na dakika hizo zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini, pamoja na hatua zake.

Bado kuna suala la mizani. Vituo vinne vinapima kwa jagi la lita, viwili vina mizani ya kilo, na makarani wa viwili hivyo wamekuwa wakiandika kilo kama lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Kilo 20 ni lita 19.42, na kwa bei ya 1,150 tofauti ni takriban shilingi 670 kwa ndoo hiyo moja. Safu ya `kizio` imekwisha kuongezwa: karani anaandika alichokiona kwenye kipimo, namba hiyo inahifadhiwa bila kuguswa, na seva inageuza. Kigawanyo, yaani namba ya kugawia kilo ili kupata lita, kinangoja kikao cha wanachama Jumamosi, kwa sababu kinagusa malipo ya watu, na si cha timu ya programu kukiamua. Msimbo wake uko kwenye tawi la `kizio-kilo`, umepitiwa, haujaunganishwa.